Tumekata Utepe wa Roketi

Jamani, leo hapa Manundu tumezindua tovuti ambayo haipo.

Kikundi chetu cha asali cha Kwedizinga kilimpata "mtaalamu", shemeji yangu Hamisi. Asubuhi nzima anasakinisha fremuweki, yaani msingi wa kujengea tovuti. Bando linaloliwa ni langu, mimi katibu.

Mara akaruka: "Imekubali!"

Kwenye laptopu ikatokea picha ya roketi na Kiingereza kingi. Nani asome? Mgeni rasmi akakata utepe. Vigelegele! Nikampiga picha, roketi ikionekana nyuma yake, nikamtumia mnunuzi wetu wa Arusha papo hapo.

Ndipo mwenyekiti, Bi Mwanaidi, akauliza kwa upole: "Hamisi mwanangu, asali yetu iko wapi hapo?"

"Bado, mama. Hiyo roketi inaonyesha tu kwamba msingi umekaa sawa."

"Na huyo wa Arusha anaiona?"

"Hapana, mama. Iko kwenye laptopu hii tu."

"Sasa msingi si huwekewa jiwe? Utepe mmekata wa nini?"

Mgeni rasmi anatazama soda yake.

Simu yangu ikalia. Mnunuzi kajibu: "Hongereni. Asali mmeacha, sasa mnauza roketi?"

Nisaidieni, namjibu nini?