Jiko kwenye Chumba cha Mashine

Mume wangu hakufa, na kila anayenitembelea huniambia nishukuru. Nashukuru. Lakini yule niliyerudishiwa kutoka hospitalini si yule niliyempelekea chai asubuhi ile ya Julai, na kwa muda mrefu nilimngoja yule wa kwanza arudi.

Tunaishi Ruring'u, mahali pa baridi karibu na mlima. Nyuma ya nyumba tuna chumba cha mabati, na ndani yake mashine ndogo ya CNC. Unaichorea kitu kwenye kompyuta, nayo inakipeleka kisu chake huku na huku mpaka kitu kile kitokee. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaochonga mapambo ya mbao siku za mapumziko. Sisi tuliichongea mbao za majina ya maduka, na misalaba ya makaburi, maana watu hawaachi kufa hata biashara ikilala. Halafu mume wangu akaanza kuilisha aluminiamu. Mashine ya mbao! Nilimwambia atalia. Hakulia. Alijifunza kuipitisha polepole, ikikwangua utando mwembamba baada ya utando mwembamba, huku yeye akinyunyiza mafuta ya taa ili chuma kisigande kwenye kisu. Kwa subira hiyo akawa anatoa vipuri ambavyo madereva wa mbio za magari walikuwa wakiviagiza ng'ambo. Walikuja kutoka Nanyuki, Naro Moru, hata Kianyaga. Nilimtania kwamba sasa anaringa kuliko magari yenyewe.

Adui yake alikuwa ukungu. Bamba la aluminiamu hufungwa juu ya ubao, na ubao huo ni wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukipata unyevu unavimba. Mwezi wa saba ukungu hushuka kutoka mlimani ukakaa nasi siku nzima, na ubao wetu ulikuwa ukiumuka kama mandazi. Ulichopima jioni, asubuhi kilikuwa uongo. Fundi mwingine angengoja jua. Mume wangu aliingiza jiko la makaa chini ya meza ya mashine, akaziba dirisha kwa nailoni, akafunga mlango. Ubao ukakauka na kazi ikatoka safi. Huku kwetu kila nyumba huingiza jiko wakati wa baridi, kwa hivyo sikuona ajabu. Nilimwambia tu aache mlango wazi kidogo.

"Nikiacha wazi, ukungu inaingia," akanijibu. "Na si hiyo ndio nafukuza?"

Asubuhi ile alikuwa anakata kishikio cha breki cha dereva mmoja wa Kianyaga, mkulima wa kahawa ambaye hela zake zote za kahawa zinaishia kwenye matairi. Gari lake lilikuwa dogo na kuukuu, naye alitaka kulifunga breki kubwa za gari jingine. Breki hizo hazikai bila kipande cha kuzishikilia, kimoja kwa kila gurudumu la mbele. Nilipokaribia na chai nilisikia mashine inanguruma, nikajua mambo ni sawa. Nilipofungua mlango, kisu kilikuwa kimemaliza kazi na kinazunguka hewani bure. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye stuli, kichwa juu ya meza, mate yanamtoka.

Nilimburuta kwa makwapa mpaka kwenye nyasi. Mayowe yangu yalileta majirani, na majirani wakaleta maziwa. Mtu akilewa moshi wa jiko hunyweshwa maziwa, ndivyo tulivyolelewa, na mama mmoja wa kanisa letu alikuwa ameshampanua mdomo mtu asiyeweza hata kumeza mate yake. Nilikipiga kile kikombe kikaruka mpaka kwenye ua. Mpaka leo mama yule hanisalimii vizuri, na mimi simwombi radhi.

Hospitalini walimtilia hewa kwa mpira puani. Alipofungua macho alinijua, nikalia kwa furaha kama mtoto. Daktari akasema ubongo ulikosa hewa, kwa hivyo tungoje tuone. Mchungaji alikuja akaomba, halafu akasema ajali haina kinga. Nilimjibu kwamba hii ilikuwa nayo, inaitwa dirisha. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na huyo aliyelala, kwamba aliupenda ubao wake ukiwa mkavu kuliko alivyonipenda mimi nikiwa na mume.

Aliporudi nyumbani alikumbuka nyimbo zote za kanisa na kila mbuzi wa baba yake. Lakini alikuwa akipima kitu, anageuka kuchukua kisu, kipimo kimeshapotea. Anapima tena. Akigeuka, kimepotea tena. Kibaya zaidi ni kwamba kuna siku alijua kwamba anasahau. Siku hizo aliketi mlangoni mwa chumba cha mashine, mikono katikati ya magoti, na hakula. Mimi nikajifunza mashine kwa lazima, nikawa nachonga misalaba.

Siku moja nikamwambia neno ambalo nilidhani ni la kumpa moyo. "Baba, siku utatoa kipande moja safi, hiyo siku tumerudi." Aliitikia kwa kichwa. Neno hilo hakulisahau hata kidogo. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna mtu ameleta kazi.

Yule dereva wa Kianyaga alikuja kiangazi, mlima ukiwa wazi mpaka kwenye theluji yake. Kishikio cha kwanza, kile cha asubuhi ya jiko, alikuwa nacho. Alitaka cha pili, na alitaka mume wangu akikate. Nilimvuta kando.

"Unajua vile ako siku hizi."

"Najua, mama. Wacha ajaribu. Ikiharibika, si ni chuma tu?"

Nilimpenda kwa maneno hayo. Mchoro ulikuwa bado kwenye kompyuta. Nilimwachia mume wangu mashine, mlango na dirisha vikiwa wazi, nikakaa nje nikichambua maharagwe nisiyoyaona. Alifanya kazi siku kadhaa. Nilimchungulia: mikono yake ilijua wakati wa kunyunyiza mafuta ya taa bila kuulizwa, na aliinamisha sikio kusikiliza kisu kama zamani. Siku ya dereva kurudi nilikanda unga wa chapati, huku nikiimba. Nilikuwa nimeamini.

Kipande kiling'aa. Mume wangu alikipangusa kwa shati lake, akakikabidhi kwa mikono miwili.

"Hiyo ni safi kabisa," akasema, akanitazama mimi.

Dereva alikigeuza, na nikaona kidole gumba chake kikisimama mahali pamoja. Nikakichukua. Tundu moja la boliti lilikuwa limekimbilia ukingoni; chuma kilichobaki kati ya tundu na ukingo kilikuwa chembamba kama ukucha. Mume wangu alikuwa amelisogeza bamba akasahau kwamba amelisogeza. Dereva angekanyaga breki kwa nguvu mara moja, ukingo ule ungechanika, na gurudumu lisingeshikwa na kitu.

"Iko sawa, mama," dereva akasema upesi, akakichukua akakitia mfukoni. "Asante sana, fundi. Mkono yako bado iko."

Alikuwa na huruma, na pengine angekitupa mtoni akienda. Lakini nilimwona mume wangu akitabasamu, nikaona kesho yake: atakuja dereva mwingine asiye na jicho, na atapewa kipande kingine cha kung'aa, na mimi nitakuwa nimenyamaza.

"Rudisha," nikasema.

"Mama, tafadhali."

"Hii haiendi kwa gari ya mtu."

Akakitoa mfukoni. Nilikiweka mezani, nikamwonyesha mume wangu lile tundu kwa kidole. Aliinama akakitazama kwa muda, akakipitishia ukucha, akafumba jicho moja. Uso wake ulibadilika ukawa ule wa fundi, mkali, usio na utani.

"Ai! Hii ni kazi mbaya sana," akasema. "Ni nani alikata hii?"

Dereva aligeuka akatazama nje. Mimi nilifungua mdomo, na ukweli ulikuwa hapo kwenye ulimi.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunikaripia. Alinishika bega. "Ni kujifunza, mama. Lakini usiwahi kupatia mtu kitu kama hii. Mtu atakufa. Kuja nikuonyeshe."

Akaenda kwenye mashine, akalishika bamba lililobaki kwa mikono yote miwili, akasimama. Tulingoja. Alilisogeza kidogo kushoto, akalirudisha, akasimama tena, akitafuta kinachoanza kwanza. Nilimwendea nikasimama kando yake, nikaweka mikono yangu juu ya yake. Tangu siku ile sijamngoja tena yule wa kwanza.