Konokono wa Kushoto wa Maneromango

Siku yangu ya kwanza kazini Kibaha, mwaka uliofuata Uhuru, dereva wetu Mzee Kibwana alinieleza jinsi konokono walivyopinduka. Zamani, alisema, konokono wote wa bonde la Ruvu walikuwa na mdomo wa gamba kulia. Reli ilipopita Soga, garimoshi likatikisa ardhi, na waliokuwa jirani na reli wakageuka kushoto. Niliamini neno kwa neno. Cheti changu cha shule ya jioni kilikuwa bado kinanukia wino, nikaona hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Nilikuwa msaidizi katika kikosi cha kupambana na kichocho, ule ugonjwa wa kukojoa damu. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, kwa hiyo kabla ya kugusa bwawa la watu ni lazima umjue konokono wake. Unamshika ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama. Ukiwa kulia kwako, mrudishe. Ukiwa kushoto, mshuku, lakini usimhukumu. Tazama kama ana kifuniko, kile kigamba anachojifungia mlango akiogopa. Wa kichocho hana mlango. Mwisho unamtia kwenye mrija wa kioo wenye maji safi, unauweka juani. Akiwa mgonjwa, vijidudu vyenye mkia wa panda, kama manati, vitamtoka, nawe utaviona kwa lenzi. Mimi kwa macho niliyokuwa nayo, lenzi niliibeba kwa heshima tu.

Kutoka Kibaha mimi na Mzee Kibwana tulipelekwa Mlandizi, kisha Kisarawe, wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Huko mkubwa wetu alikuwa Bwana Afya Mkuu, mtu wa maneno machache kama redio iliyoishiwa betri. Alitoa amri: bwawa lolote lenye konokono wa kushoto limwagiwe mrututu, ile dawa ya buluu. Mrututu huua konokono. Huua na samaki.

Tulifika Maneromango na pipa zima, baada ya gari kuzama kwenye matope mara nyingi kuliko kiboko. Bwawani tulimkuta Bi Tatu, msimamizi wa uvuvi wa kijiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo dawa inaua konokono peke yao?"

"Na kambale pia, mama."

"Basi ungekuja na sepetu, utuzike kabisa. Tumevunja nyumba zetu tukaja hapa kwa kuambiwa kuna maji na samaki. Leo jioni watoto niwapikie nini, hotuba?"

Nikaingia majini na wavu wangu. Nilitoa konokono wakubwa kama ngumi ya bondia, wote wa kushoto. Nikawageuza: wote wana kifuniko. Nikapanda juu ya pipa, nikakaa.

"Shuka, mwanangu, utafukuzwa kazi," alisema Mzee Kibwana.

"Nenda kamwambie mkubwa nimekaa."

Alikwenda. Kesho yake asubuhi Bwana Afya Mkuu akaja mwenyewe, akanikuta palepale, nina alama ya pipa ambayo naamini ninayo hadi leo.

"Nani amekuruhusu kukalia dawa ya serikali?"

"Hakuna, mzee. Ila hawa si wa kichocho, na sababu ninazo mbili. Kwanza, wana kifuniko. Pili, reli haijawahi kufika Maneromango."

Alinyoosha mkono. "Nionyeshe hicho kifuniko."

Nikamwonyesha, kisha tukawaweka juani ndani ya maji safi. Hakikutoka kitu. Ndipo yeye akakunja suruali, akaenda kwenye matete wanapoogelea watoto, akarudi na konokono wadogo, wa kushoto, wasio na mlango. Kufikia adhuhuri mirija yao ilikuwa imejaa vijidudu vikichezacheza.

"Na hawa?"

Nilijua hawa wamekuja kutoka Soga ndani ya ndoo za wahamiaji. "Hawa tutawaokota kwa mkono, mzee. Pipa silifungui."

"Na mimi sijasema ulifungue," alijibu. "Shuka."

Tulifyeka matete, tukaokota, upande ule ukapigwa marufuku kuoga, watoto wakapewa dawa. Pipa lilirudi Kisarawe na kifuniko chake. Jioni Bi Tatu alitupikia kambale mrefu kuliko gari letu.

Vijana huniuliza kama nilikosa adabu. Nawajibu kwamba mkubwa alitoa amri akiwa ofisini, na mimi nilikuwa na konokono mkononi. Ningepewa pipa jingine leo, ningelikalia tena, pamoja na magoti haya.

Siku ya kuniaga nilipostaafu niliwasimulia wafanyakazi wapya haya yote, reli na mtikisiko wake nikivieleza kwa mikono. Bwana Afya Mkuu, naye akiwa amekwisha kustaafu, alikuwa amekaa kiti cha pili. Aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Kuhusu kifuniko ulikuwa sahihi," alisema. "Kuhusu garimoshi, hapana. Konokono wa kushoto huzaliwa wa kushoto."