Matanga ya Mtu Aliye Hai

Kwetu mwanamke mwenye kichwa kitupu, kisicho na nywele, anatoka matangani. Ukikutana naye njiani humwulizi habari za shamba. Unasimama, unampa pole, halafu unauliza ni nani aliyekufa. Mimi nilishanyolewa mara mbili, kwa mama yangu na kwa mume wangu, na mara zote mbili nilikuwa na jina la kutaja. Kwa hiyo munganga wa hospitali aliponiambia kwamba dawa ya ugonjwa wangu wa ziwa, wa titi, ule wanaouita kansere, itaangusha nywele zote, sikuwaza habari ya uzuri. Niliwaza watu wa soko la Kasongo wakiniuliza ni nani, nitawajibu nini.

Dawa ililetwa kwa ndege ndogo. Wagonjwa tulitiwa kwa seromu, ile dripu ya mkononi, halafu tunangoja wiki tatu mwili urudishe damu yake, ndipo tunatiwa tena. Mimi naishi karibu na hospitali. Wanawake wawili niliowakuta kwenye benchi walitoka mbali, na hawakuwa na mahali pa kulala isipokuwa veranda ya hospitali, kwa hiyo nikawapeleka kwangu. Mmoja alikuwa mama wa watoto wanne kutoka Wamaza, mpole, anayesema chini chini. Mume wake alichimba dhahabu upande wa Lusangi na alirudi nyumbani mara chache. Wa pili alikuwa mwanamke mzee, Mbangubangu wa upande wa Kabambare, mjane kama mimi, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

Siku ya kwanza tu, mzee alimhoji yule wa Wamaza.

"Bwana yako ni wa ukoo gani?"

Akamwambia.

"Na koko yake, mama wa baba yake, alitoka wapi?"

Akamwambia pia. Mzee akapiga makofi. Huyo koko alikuwa dada yake wa ukoo mmoja.

"Basi bwana yako ni mujukuu wangu. Na mujukuu ni bwana. Mimi ndiye muke mukubwa, wewe ni mudogo. Amka, uniletee maji."

Kwetu koko na mjukuu wanataniana hivyo. Bibi kizee anamwita mjukuu wake mume, anamdai nguo na nyama, anamtukana akipita bila kusalimu, na hakuna mtu wa kukasirika. Anayekasirikia utani ndiye anayeona haya. Tangu siku ile wale wawili waliitana wake wenza, na mimi niliyekuwa mtu wa pembeni nikawa shahidi wa ugomvi wao.

Tulisaidiana kwa mambo madogo, kwa sababu makubwa hayakuwa mikononi mwetu. Aliyetiwa dawa juzi hakupika. Harufu ya mawese ilitushinda, sisi watu wa Maniema tuliolelewa juu ya mawese, hivyo tulikula wali mweupe na chumvi, na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa kwa maji. Mzee alisema hicho ni chakula cha mbuzi, akakila. Vidonda vya mdomo tulivisukutua kwa maji ya chumvi. Dawa moja ilikuwa nyekundu, na mara ya kwanza mama wa Wamaza alipokojoa mkojo mwekundu alilia akidhani anakufa. Mzee akamwita aje chooni aone wake.

Nywele zilipoanza kubaki kwenye mikeka, mzee alitaka zinyolewe zote siku moja. Alininyoa mimi, nikamnyoa yeye. Mama wa Wamaza alikataa. Alisema mume wake yuko hai, na mwanamke mwenye mume hai hanyolewi. Zake zilidondoka zenyewe, kidogo kidogo, na hakuwahi kuvua kitambala cha kichwa mbele yetu hata ndani ya nyumba.

Baada ya seromu ya pili, habari ikafika kwamba mtoto wake mdogo ana malaria. Alipanda moto, yaani pikipiki, akarudi Wamaza, akaahidi kwamba siku ya tatu ya dawa itamkuta kwenye benchi. Siku ile tulifika mapema. Tulimwekea nafasi katikati yetu, mzee akaweka mfuko wake pale ili mtu asikae. Tulitiwa dawa sisi wawili, tukamaliza, mfuko bado uko pale.

Kesho yake motari mmoja, mwendesha pikipiki wa njia ya Wamaza, alituletea habari. Alisema kule kuna matanga. Mume wa rafiki yetu ameangukiwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu. Tukakaa chini. Mzee, ambaye hakuwahi kumwona yule mtu lakini kila siku alimwita mume wangu mwivi, mume wangu mvivu, alifunika uso mpaka jioni.

Baada ya siku chache yule yule motari akarudi, safari hii akicheka.

"Mama, ule mutu hakufa! Iko muzima. Alikuja mwenyewe kwa kilio yake."

Tulimkalisha, tukampa maji, tukamwambia aeleze vizuri. Mambo yalikuwa hivi. Mtoto alipopata nafuu, rafiki yetu alikwenda kuoga kijitoni asubuhi, akavua kitambala akidhani yuko peke yake. Dada mkubwa wa mume wake alikuja kuchota maji, akaona kichwa. Mume yuko machimboni, mke ananyolewa kwa siri. Dada yule alifikiri jambo moja tu, kwamba kaka amekufa na mke amepata habari na anaificha. Akapiga kelele kutoka kijitoni mpaka kijijini. Rafiki yetu alimkimbilia nyuma akisema ni dawa, ni dawa, lakini nani atasikia. Kabla jua halijasimama watu walikuwa wameleta kuni na unga na wameketi uani wakilia. Habari ikafika machimboni. Yule mtu akasikia kwamba amekufa, akachukua moto kwenda kwao kukanusha. Alipotokea uani, wengine walikimbia.

Motari alicheka mpaka akafuta macho. Mzee naye alicheka. Mimi niliuliza, "Sasa mbona yeye hakurudi?"

Hapo motari akaacha kucheka. Dada wa mume alisema kulilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi, na kaka akifa kweli, mtu atakayelipa ni huyu mke. Alisema dawa inayomfanya mwanamke mjane kabla ya wakati si dawa. Atakaa nyumbani mpaka nywele ziote zote, hatakwenda Kasongo tena. Na mume? Mume amenyamaza. Dada ndiye aliyemlea.

Nilimwuliza munganga. Alisema rafiki yetu anaweza kungoja siku chache, si zaidi. Uvimbe ulikuwa umeanza kunywea, na dawa ikikatika katikati, ugonjwa unarudi na nguvu, na safari hiyo huenda usiisikie dawa tena. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza mvua ya msimu.

Nikamwambia mzee kwamba nitakwenda Wamaza.

"Utawaambia nini? Kibangubangu yako ni ya kununulia samaki tu."

"Nitasema Kiswahili."

"Kiswahili hawatakataa. Watakuitika, 'Ndiyo mama, aksante mama,' halafu wanakusindikiza barabarani. Mimi nakwenda. Bwana ni wangu."

Nilimkumbusha kwamba ametiwa dawa juzi juzi, na kwamba munganga alituonya tusiende kwenye watu wengi siku zile damu ikiwa chini na homa ikiingia kwa urahisi. Alijua. Alikuwa amekaa karibu yangu tulipoambiwa. Akafunga kikwembe chake kiunoni, akaniambia nimtafutie motari asiyekimbiza.

Njia ile sitaieleza, kila mtu wa kwetu anaijua. Alishuka mara nyingi kutapika. Kwenye madaraja ya magogo tulivuka kwa miguu, nimemshika kiuno. Tulipofika Wamaza aliniomba tusimame nyuma ya ghala la mpunga, akasukutua mdomo, akapangusa uso, akasimama wima. Halafu akavua kitambala, akaniambia na mimi nivue. Tukaingia kijijini hivyo, vichwa viwili vitupu, na kabla ya kufika uani akaanza kulia kilio cha mjane.

"Bwana yangu! Bwana yangu ameniacha! Nani atanipa samaki!"

Watu walitoka nyumbani mwao. Dada wa mume alitoka jikoni, mwanamke mkubwa, mikono ina unga. Nilimwona rafiki yetu kwenye mlango, amefunga kitambala mpaka kwenye nyusi. Mume alikuwa ameketi chini ya paa la mbele akishona kiatu.

"Wewe ni nani?" dada aliuliza.

"Unaniuliza mimi ni nani, wifi? Mimi ni muke mukubwa wa kaka yako! Mulimlilia bwana yangu, mukakula unga, mukamaliza, na mimi sikuitwa. Hii heshima gani?" Akataja ukoo wake, na jina la koko wa wale ndugu wawili, na nyumba aliyozaliwa. Wazee wawili waliokuwa pale wakaanza kutabasamu, kwa sababu walishaelewa.

Akamgeukia yule mume. "Na wewe, maiti. Unashona kiatu cha kwenda wapi? Mbinguni wanakwenda peku."

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mujibu bibi yako!" Yule mume naye akacheka, akiangalia chini.

"Sijakufa, koko."

"Sema kwa nguvu. Huyu dada yako hasikii."

"Sijakufa!"

"Basi kama hukufa, kwa nini munafunga muke mwenzangu ndani kama mujane? Na kama ulikufa, mimi ndiye wa kufungwa kwanza, mimi mukubwa. Nifunge. Lakini ujue ninakula sana."

Dada hakucheka. Alisema dawa ile ni mbaya, inavuta kifo. Mzee akamkaribia, akamshika mkono wenye unga, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Sauti yake ikashuka, na utani ukaisha.

"Shika. Ni ngozi tu. Mimi nilimuzika bwana wangu wa kweli zamani, na kile kichwa kilikuwa cha kifo. Hiki ni cha dawa. Huyu mutoto akibaki hapa, nywele zitaota. Zitaota vizuri sana. Halafu mutamuzika nazo."

Dada aliacha mkono wake pale muda kidogo. Kisha akamtazama kaka yake, na safari hii kaka hakuangalia chini. Akasema, akimwita kama tunavyomwita dada mkubwa, "Yaya, aende." Maneno mawili tu, lakini sidhani alikuwa amewahi kumpinga dada yake hata kwa moja.

"Aende," dada akasema. "Lakini akifa huko, koko, nitakudai wewe."

"Nidai," mzee akajibu. Akadai kuku kwa fidia ya kutoitwa matangani, wakampa. Tulilala pale, asubuhi tukarudi watatu.

Rafiki yetu alitiwa seromu ya tatu akiwa amechelewa, lakini alitiwa. Wiki ile ile mzee akashikwa na homa. Tulimpeleka hospitali mara tu mwili wake ulipopata moto, kama tulivyofundishwa, na wauguzi walifanya waliyoweza. Alikaa siku chache akidai chakula ambacho hakukila. Alikufa mchana, mimi nikiwa nimekwenda kufua nguo zake.

Nilimwuliza munganga kama ni safari iliyomuua. Alisema ugonjwa wa mzee ulikuwa umeshaingia kwenye ini tangu mwanzo, na yeye mwenyewe aliambiwa. Kuhusu homa, alisema angeweza kuipata njiani, angeweza kuipata nyumbani kwangu. Naandika alivyosema. Sijui zaidi ya hapo, na siwezi kusema kwamba safari haikuwa na neno.

Rafiki yetu hakuhitaji kuuliza mtu, aliamini mzee alikufa kwa ajili yake. Matangani wanawake wa ukoo walinyolewa, sisi wawili tukaketi kati yao na vichwa vyetu, hatuna cha kumnyolea. Hapo ndipo aliponiambia kwamba hatarudi kwenye dawa. Alisema, "Nilikula maisha ya mutu. Nitaweka wapi?" Nilikaa karibu yake.

Dada wa mume alikuwa amekuja kuzika, kwa sababu marehemu alikuwa koko yake naye. Alikaa kwangu mpaka watu walipotawanyika, akapika, akafagia. Siku ya seromu ya nne rafiki yetu hakutoka kitandani. Nilisimama mlangoni na kitambala changu, siwezi kumlazimisha. Dada ndiye aliyeingia.

"Amka."

"Yaya, niache."

"Nilimwambia koko ukifa nitamudai. Sasa yeye hayupo. Unataka nimudai nani?"

Rafiki yetu akageukia ukuta.

"Basi usinitese. Amka, uvae."

Alisema hivyo kwa hasira, akiwa ameshika viatu vya wifi yake. Rafiki yetu alikaa kitandani akalia, safari hii kwa sauti, nasi tukamwacha alie. Halafu akanyoosha miguu na dada akamvisha viatu, kimoja, kingine, kama mtoto anayepelekwa shule.

Kwenye benchi tulikaa watatu. Muuguzi alipata tabu kupata mshipa wa rafiki yetu, akajaribu mkono wa kulia, akajaribu tena. Dada aliuangalia ule mkono, akauliza kama kuna jambo analoweza kufanya. Muuguzi akamwambia amfunge kitambaa cha maji ya moto ili mshipa utokee. Akaenda kutafuta maji ya moto, akauliza njia kwa kila mtu kwa sauti kubwa, akarudi nayo, akamfunga. Mshipa ukatokea. Dawa ikaanza kushuka.