Bi Tatu na Nyumba Iliyoezuliwa

Nyumba yangu na ya Bi Tatu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, katika kota za halmashauri zilizo upande wa bahari, njia ya kwendea Mlingotini. Mimi nafundisha shule ya msingi. Yeye alikuwa mhudumu wa kituo cha afya, yule anayepiga deki wodi ya wazazi, anafua mashuka, na anayeitwa mama na kila msichana anayeumwa uchungu kwa mara ya kwanza. Alizaliwa Kiwangwa, katika mashamba ya mananasi, na mpaka leo akikasirika Kiswahili kinamkimbia na Kikwere kinashika nafasi.

Mumewe, Mzee Mikdad, aliwahi kuwa dereva wa tipa la halmashauri. Alipigwa na presha ya macho. Mwanzoni aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, kisha bomba lenyewe likaziba. Walikuwa na mtoto mmoja, Yasmini, aliyeolewa Vigwaza. Basi mle ndani walikuwa wawili tu, na kwa namna walivyoongea usingedhani wameishi pamoja miaka yote ile. Walikuwa na habari za kupeana kila jioni.

Ukimkuta Mzee Mikdad ndani ya nyumba yake hungejua kwamba haoni. Alitoka kitandani, akapita sebuleni, akafika jikoni, akawasha jiko la gesi na kujichemshia chai ya tangawizi bila kugusa kitu asichokitaka. Kwenda msikitini alifuata ua wa michongoma hadi ukuta wa madrasa, na ukuta ukampeleka mlangoni. Nilipopita asubuhi alikuwa ananiambia, "Mwalimu, leo umechelewa. Ndala zako zinakimbia."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kimbia, watoto wasije wakakuchapa wewe."

Shida ilikuwa paa. Bati za pwani zinaliwa na chumvi, na zile zilikuwa za zamani, zimekuwa nyekundu na laini kama mkate uliolowa. Masika yakifika, Bi Tatu alitandaza mabeseni na masufuria sebuleni, na Mzee Mikdad alilazimika kukaa kitako mahali pamoja asije akaparamia beseni. Siku moja aliinuka kitandani kwenda kutawadha, na nyuma yake kipande kizima cha silingi bodi kikaporomoka juu ya mto aliokuwa amelalia. Nilisikia kishindo kutoka kwangu. Nilipoingia nilimkuta Bi Tatu amesimama katikati ya chumba, vumbi limemjaa nywele, anakitazama kile kitanda.

"Ingekuwa dakika moja nyuma, mwalimu," aliniambia.

Tangu hapo hakutulia. Kila alipotoka zamu alipitia ofisini kwa afisa nyumba, kijana mmoja mpole anaitwa Abdulazizi, ambaye alimwamkia vizuri, akamvutia kiti, akamwambia jambo lake limepokelewa na liko kwenye mchakato. Fundi akaja, akapima kwa futi kamba, akaondoka. Akaja mwingine, akapima palepale. Mzee Mikdad akawa anacheka: "Hii nyumba imepimwa kuliko suti ya bwana harusi."

Bi Tatu hakucheka. Alipita mlango kwa mlango, akatuita wapangaji wote. Kila mmoja alikuwa na lake. Mina alikuwa na choo kilichojaa mpaka kinafurika uani. Shuaibu, nyaya zake zilitema cheche kila akiwasha taa. Mimi mlango wangu wa nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa, naufunga kwa kamba. Tukaenda ofisini kwa pamoja, na tulipofika kila mtu akawa mpole ghafla. Aliyezungumza ni Bi Tatu.

"Baba, hatukuja kuomba," alimwambia mkubwa wa ofisi ile. "Kodi yenu inakatwa kwenye mshahara kabla sijauona mshahara wenyewe. Hamjawahi kuniambia kodi iko kwenye mchakato. Mimi nina mume asiyeona. Hawezi kuliona bati linalomwangukia akalikwepa. Nataka mnijibu leo, mtaezeka au mnangoja nije kuwaambia nimefiwa?"

Mkubwa akamtazama Abdulazizi, Abdulazizi akatazama meza. Na kweli, haikupita muda mrefu jibu likaja: nyumba ya Bi Tatu itakuwa ya kwanza. Itaezuliwa yote, iwekwe mbao mpya, bati mpya na silingi mpya. Ila wahame kwa wiki chache. Halmashauri itawapa vyumba viwili nyuma ya ghala la pembejeo, upande wa pili wa barabara.

Kota nzima tulipiga vigelegele. Bi Tatu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatugawia. Asiyefurahi ni Mzee Mikdad.

"Sitaki kuhama," alisema.

"Wiki chache tu, Baba Yasmini. Ukirudi unakuta nyumba mpya."

"Tatu, mimi hapa naona. Unanielewa? Hapa ndani naona. Ukinitoa hapa ndipo nitakapokuwa kipofu."

Bi Tatu alimshika mikono yote miwili. Alimbembeleza siku nzima, na nilimsikia akimwambia, "Silingi ile ilikukosa mara moja. Mara ya pili haitakukosa." Mwisho mzee akakubali, kwa sababu ni mkewe aliyeomba. Alitoka mlangoni amemshika mkewe begani, na mkono wake mwingine ukabaki kwenye fremu ya mlango kidogo, kabla hajauondoa.

Vile vyumba vya ghalani vilikuwa na kila kitu kinyume. Mlango alioufikiria kulia ulikuwa kushoto. Jiko lilikuwa nje kibarazani, choo kilikuwa cha kuchangia na walinzi, ng'ambo ya uwanja wenye vipande vya chuma na magurudumu mabovu. Siku za mwanzo Mzee Mikdad alijaribu. Akajigonga paji la uso, akajikata ugoko. Bi Tatu akamfungia kamba kutoka mlangoni hadi chooni, lakini magari ya mizigo yakaja, watu wakaifungua yapite, hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Siku hiyo Bi Tatu alikuwa zamu. Mumewe alitoka kutafuta choo, kamba hakuikuta, akazunguka uwanjani hadi akashindwa kujizuia. Wapakiaji wa mbolea walikuwa wamekaa pale wanapumzika. Hawakumcheka, mmoja wao hata alimchukua akamrudisha ndani, lakini mzee alijua kwamba wameona. Bi Tatu aliporudi alimkuta amekaa sakafuni na msuli wake uliolowa, hakuruhusu mtu amguse. Bi Tatu alimwogesha, akambadilisha. Kuanzia hapo Mzee Mikdad hakutoka tena. Msikitini hakwenda. Chai alikunywa akipewa tu.

Na paa? Mafundi walikuja kwa kishindo. Waliezua bati, wakang'oa mbao, wakabomoa silingi, wakapakia vyote kwenye lori. Halafu hawakurudi. Tuliambiwa mkandarasi na ofisi hawajaelewana. Tukaambiwa tena vifaa viko njiani. Wiki chache zikawa miezi, na ile nyumba ikabaki kuta tupu, kunguru wanatua kwenye lenta juu ya milango.

Bi Tatu alirudi kwa Abdulazizi mara nyingi. Mara ya mwisho tulikwenda wote.

"Mwanangu," alimwambia, "sasa sidai paa jipya. Nirudishieni bati zangu mbovu. Nirudishieni silingi yangu iliyooza, nikae nayo."

Abdulazizi alifumba macho. "Mama, wallahi, ingekuwa mkononi mwangu ningepanda juu mwenyewe."

Nadhani alisema kweli. Lakini haikuwa mkononi mwake, wala hatukuweza kujua iko mkononi mwa nani.

Kuna jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua na Mzee Mikdad hakulijua. Kila jioni alimuuliza mkewe kazi imefika wapi, na Bi Tatu akamdanganya. Alianza kidogo: leo wamepandisha mbao. Kesho yake akaongeza: leo wamepiga misumari, bati ni za buluu, zinang'aa. Siku nyingine alimwambia wamebaki na silingi ya chumbani tu. Mzee alikuwa anatabasamu. Yalikuwa ndiyo mazungumzo pekee yanayomfanya ale.

"Nitamwambiaje, mwalimu?" aliniuliza tulipokuwa tunatoka ofisini. "Hicho ndicho kinachomuweka hai."

Masika yakaingia. Mchana mmoja mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, mimi nimerudi shuleni mapema, nikamwona Bi Tatu anakuja mbio kutoka barabarani na sare ya kazini, bila mwavuli. Alikuwa amepitia ghalani, mumewe hayumo. Muuza mihogo wa pale njia panda alitwambia mzee alimwomba amvushe barabara, akamshika mkono hadi kwenye ua wa michongoma, na hapo akamwambia, "Niache, mwanangu. Kuanzia hapa nafika."

Alikuwa amefika. Tulimkuta chumbani kwake, kwenye ile pembe kilipokuwa kitanda, amekaa chini, mgongo ukutani, kanzu imemganda mwilini. Maji yalikuwa yamejaa sakafuni hadi vifundoni. Uso wake ulitazama juu, mvua inampiga usoni.

"Tatu," aliita. Alimjua kwa hatua zake hata ndani ya maji.

"Labeka."

"Paa liko wapi?"

Bi Tatu alisimama mlangoni, mimi nyuma yake.

"Uliniambia wamebaki na silingi."

"Nilikuambia hivyo."

"Nikasema nije niisikie mvua kwenye bati mpya, niguse hata ukuta tu. Mlango nimeuona mwenyewe. Sebule nimeiona. Nikafika hapa." Alinyoosha kiganja, maji yakakijaa. "Kumbe nje."

Bi Tatu alipiga magoti kwenye yale maji, akamkumbatia kichwa, akawa anarudia neno moja tu, nisamehe, nisamehe. Mzee akampapasa mgongoni, akakuta sare imelowa.

"Umelowa na wewe," alimwambia. "Inuka twende, utashikwa na homa."

Homa ilimshika mzee mwenyewe, ikashuka mapafuni. Walimlaza palepale kituoni, wodi ya wanaume, na Bi Tatu akawa anamuuguza huku akipiga deki wodi za wengine, maana zamu ni zamu. Yasmini alikuja kutoka Vigwaza na kumkuta baba yake anaongea kwa shida. Mzee aliongea habari za tipa, za barabara ya Kiwangwa kabla haijawekwa changarawe. Hakulitaja paa. Alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri, na shuka alilofia, Bi Tatu alilifua kwa mikono yake, hakukubali mwenzake yeyote alishike.

Kisha likazuka swali ambalo sikuwahi kulisikia katika maisha yangu: maiti itatokea wapi? Ghalani kulikuwa na mizigo. Nyumbani kwake hakuna paa. Mzee Mikdad akaoshwa kwangu, akatokea kwangu, mlango ule wa kamba ukaondolewa kabisa ili jeneza lipite. Wapangaji wote tulikuwepo. Abdulazizi alikuja, akabeba jeneza begani hadi makaburini, na watu walimwacha abebe.

Eda nayo ilileta maneno. Mjane hukaa eda katika nyumba ya mumewe, na Bi Tatu alitaka kwenda kukaa katika zile kuta, hata kwa turubai. Sheikh alimwambia kwa upole kwamba nyumba ya mumewe ni pale walipokuwa wanaishi alipofariki. Basi akakaa eda nyuma ya ghala, na nguo zake nyeupe, anasikia mifuko ya mbolea ikidondoshwa toka asubuhi mpaka jioni.

Alipokuwa bado edani, mafundi wakarudi. Hakuna aliyetueleza kwa nini wakati ule na si kabla. Kazi iliyoshindikana miezi yote ile ilikwisha upesi kabisa. Kuta zikapigwa plasta na rangi. Bati walizoleta zilikuwa za buluu kweli. Abdulazizi akaja ghalani na funguo, akasimama nje ya pazia, mimi nikiwa mlangoni.

"Mama, nimekuletea funguo," alisema.

Sauti ya Bi Tatu ikatoka nyuma ya pazia, imetulia: "Wape wenye watoto wadogo. Wenye watoto wadogo wanateseka zaidi na mvua."

Eda ilipokwisha aliomba kustaafu, akarudi Kiwangwa kwa kaka yake, Mbaruku, ambaye alimpa chumba na kipande cha shamba. Nilikwenda kumtembelea likizo iliyopita. Amekonda, lakini mikono yake bado ina nguvu. Alinimenyea nanasi, akaniuliza habari za kila mtu kota. Choo cha Mina kimenyonywa? Nyaya za Shuaibu je? Nikamwambia choo kimenyonywa, nyaya bado. Akatikisa kichwa.

"Mwambie Shuaibu asichoke kwenda," alisema.

Kaka yake alikuwa anapakia mananasi barabarani, tunasikia watu wakipatana bei. Bi Tatu alifuta kisu kwenye kanga.

"Unajua hakunilaumu hata kidogo?" alisema bila kunitazama. "Siku zote zile wodini. Nilikuwa nangoja. Nikasema akinifokea nitalia, nitajitetea, yatakwisha. Akawa ananiuliza kama nimekula."

Alinisogezea sahani, akaniambia nile, nanasi la Kiwangwa si kama lile la Dar. Nikala. Yeye hakula.