Mheshimiwa Aliyekula Kura

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nane, na naandika polepole. Kwetu ni Kanduyi, Bungoma, ambako r na l tunazichanganya hata tukijichunga.

Sasa naishi Kitale kwa shangazi, nasuka nywele sokoni. Vijana wa kanisa letu walikuwa wanatafuta igizo la siku mbunge wetu atakapotutembelea, nikawaandikia hadithi. Mheshimiwa anashinda uchaguzi, halafu anakula kura zote, karatasi baada ya karatasi. Kila akisimama kuhutubia, zinasema tumboni mwake kwa sauti za wenyewe: "Na maji yetu?" Hayo nilibuni. Lakini kisima kisicho na bomba, nilichokitia humo pia, nilikiona kwa macho yangu, na barabara iliyochimbwa ikaachwa.

Siku ya mazoezi mwenyekiti wa vijana akasoma nakala aliyopiga chapa: "Mheshimiwa akapiga kura."

"Ni akala kura," nikasema kwa sauti ndogo.

Msichana mmoja akacheka. "Watu wa Bungoma bana! Akala ama akara?"

"Si nilikusaidia, dada," mwenyekiti akasema. "Niliona 'kula kura', nikajua ni ile r yenu, neno moja umeliandika mara mbili. Na hizo sauti za tumboni nikatoa, hazikuwa na maana."

"Lakini alizimeza."

"Karatasi? Nani anakula karatasi?"

Basi kilichobaki ni kisima na barabara, vikavu hivyo. Mama mlezi wa vijana akakunja uso. "Hii si hadithi, ni matusi. Mheshimiwa ataketi pale mbele, ati tumsomee makosa yake?"

Nilitaka kuwaambia warudishe tumbo. Kwa lile tumbo watu wangecheka, hata yeye angecheka, kisha maneno ya kisima yangemwingia bila kupigana naye. Lakini watu wakinitazama, ulimi wangu hukwama.

"Toa kisima, tuigize," mwenyekiti akaniambia. Nikatikisa kichwa kukataa. Sasa wanafanya mazoezi ya igizo la mlevi anayeokoka.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Nikiandika ya kweli tu, natukana. Nikiandika ya ajabu, ati nimekosea herufi.

Nyinyi mnaosoma, tafadhali niandikieni. Mkisikia mheshimiwa amemeza kura zenu, mtacheka tu mwende nyumbani, ama mtauliza maji yako wapi?