Pinni za Binti wa Jaswant

Kabla Kahambu hajapangiwa kwenda kwa Mama Mohinder, wenzake wawili walikuwa wameshashindwa. Mmoja alirudi ofisini analia. Mwingine aliapa kwamba ni heri apige deki stesheni nzima ya Gare du Nord kuliko kukanyaga tena kwa yule bibi. Kahambu mwenyewe alikuwa amehudumia wazee majumbani mwao tangu apate kibali cha kukaa Ubelgiji, na alikuwa amejionea kwamba mtu mzima akiwa mkali hivyo, kuna kitu kinamuuma. Basi asubuhi moja ya vuli, mwaka 2009, alipanda ngazi za jengo moja la mtaa wa Koekelberg, simu sikioni, akiongea na dada yake aliyekuwa Butembo.

"Nitakuita kisha, yaya. Nimefika ku kazi," alisema, akasukuma mlango uliokuwa umeachwa wazi kwa ajili yake.

"Nani huyo anaongea Kiswahili mlangoni kwangu?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Kahambu aliganda. Karibu na dirisha, kwenye kiti cha mikono, alikuwa ameketi bibi wa Kipunjabi, mtandio mweupe kichwani, bangili ya chuma mkononi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya mapaja bila uhai. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mwaka uliotangulia.

"Ni mimi, maman. Kiswahili ulikitosha wapi?"

"Nakuru! Nimezaliwa Nakuru, nimeolewa Nakuru, nimezaa Nakuru. Na wewe chako kimepindapinda hivyo, umekitoa wapi?"

"Kongo, maman. Butembo."

Bibi alimtazama toka juu mpaka chini, kisha akacheka. Jirani wa ghorofa ya chini alisema baadaye kwamba hakuwa amesikia kicheko kile tangu bibi atoke hospitali.

"Haya, vua viatu uingie. Hao wenzako walikuwa wananisemesha Kifaransa cha kubembelezea watoto. Mimi si mtoto."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kadiri siku zilivyokwenda, Kahambu alipokuwa akimwogesha, akimchana nywele au kumkatia mboga, alimjua mwanamke huyo kipande kwa kipande. Mohinder alifiwa na mume akiwa bado kijana, watoto watatu mikononi, wasichana wawili na Jaswant, kitinda mimba. Alijifunga kibwebwe, akashona sare za shule kwa cherehani ya miguu mpaka wote watatu wakasoma. Mabinti waliolewa mbali. Jaswant alikuja Ubelgiji, akafungua duka la vyakula, na mwaka 1994 akamleta mama yake. Mama, badala ya kukaa ndani akiililia Nakuru, alijifunza Kifaransa sokoni, kwa kubishana bei ya vitunguu.

Na kila Januari, ilipofika Lohri, sikukuu ya Wapunjabi ya kuwasha moto katikati ya baridi, Mohinder alipika pinni. Ni vitonge vitamu vya unga wa ngano uliokaangwa kwa samli, ukachanganywa na sukari guru, lozi na iliki. Aligawia jengo zima: familia ya Kimoroko, mzee wa Kiflemishi aliyekuwa mlinzi wa mlango, hata yule mama wa juu asiyesalimia mtu. Tangu apate kiharusi, Jaswant alikuwa akimletea boksi la vitamu vya dukani. Yeye alimshukuru, akaliweka kabatini, na hakulifungua.

Mwaka 2012, majani yalipoanza kupukutika, mke wa Jaswant alijifungua mtoto wa kike. Wawili hao walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, na Mohinder alipowekewa kichanga mapajani alikipakata kwa mkono wake mzima, machozi yakimtiririka. Mtoto akaitwa Harleen.

Sasa, kwa Wapunjabi, Lohri ya kwanza ya mtoto aliyezaliwa nyumbani ni jambo kubwa, watu hualikwa na vitamu hugawiwa. Lakini desturi ya zamani ilikuwa kuyafanya hayo yote kwa mtoto wa kiume. Wakwe zake Jaswant walikuwa wamekuja kutoka Punjab kumtazama mtoto, wazee wa kushika mambo ya kale, na Jaswant aliogopa kuchekwa. Alikuja Koekelberg, akanywa chai, akamweleza mama yake kwamba mwaka huo wangewasha moto kidogo tu bustanini, basi. Sherehe kubwa ingekuja Mungu akiwajalia mtoto wa kiume.

Mohinder alimwongezea chai kikombeni. Jaswant akadhani ameridhika, akambusu kichwani, akaondoka.

Kesho yake, Kahambu alipofika, bibi alikuwa ameshavaa koti.

"Twende dukani. Tunataka siagi nyingi, nitakufundisha kuiyeyusha iwe samli. Na unga wa ngano, na lozi, na iliki. Sukari guru tutaipata kwa Wahindi."

"Tunapika nini, maman?"

"Pinni. Za Harleen."

"Bon. Lakini mukono?"

"Mkono wangu si ndio wewe?"

Saa za kazi hazikutosha kwa mapishi ya namna hiyo, kwa hiyo Kahambu alijitolea Jumamosi yake ya mapumziko. Alifika akiwa na haraka hata hivyo, maana jioni alikuwa na mazoezi ya kwaya. Aliweka karai jikoni, akamimina samli, akatia unga, akaanza kukoroga kwa mwiko huku Mohinder ameketi sebuleni, mlango wa jikoni wazi. Unga ulikuwa mzito, mkono ukauma, na rangi haikubadilika. Kahambu akaona moto ule mdogo utamfanya akeshe. Akaupandisha kidogo.

Haukupita muda, sauti ikatoka sebuleni: "Zima!"

"Maman, haiyaungua..."

"Imeungua chini. Naisikia harufu. Mwaga."

Kahambu alitazama samli yote ile, akasikitika. Akakwaruza kwa mwiko, na kweli chini kulikuwa na weusi.

"Pardon, maman. Nilikuwa na haraka, njo nikapandisha moto."

"Hata mimi mara ya kwanza niliunguza, mama mkwe akanirushia kijiko," Mohinder alisema. "Nisogeze huko jikoni. Tuanze upya."

Kahambu alimpigia simu kiongozi wa kwaya, akaomba udhuru. Kisha akakivuta kiti cha bibi mpaka karibu na jiko, akawasha moto mdogo kabisa, akakoroga bila kusimama. Ili kumsahaulisha maumivu ya bega, Mohinder alimsimulia.

"Nilipomzaa binti yangu wa kwanza, majirani wa Kipunjabi walikuja kunipa pole. Pole, Kahambu! Kama nimefiwa. Hakuna aliyepika kitu. Alipokuja wa pili, mama mkwe akafunga kabati la unga, akaweka ufunguo kifuani. Nilikuwa na jirani Mkikuyu, Mama Njoki. Akanipa unga wake, nikapikia pinni kwenye jiko lake la mkaa. Tulikula sisi wawili na binti yangu mkubwa, mtoto mchanga nimempakata. Alipozaliwa Jaswant, loo! Mtaa mzima ulikuja, moto mpaka paa. Nilifurahi, sikatai. Lakini niliwatazama wale wasichana wangu wawili wamesimama pembeni."

Kahambu alizidi kukoroga. Mama yake mwenyewe alizaa wasichana watano, na baba akaoa mke mwingine.

Unga ukaanza kubadilika polepole, ukawa na rangi ya biskuti, na harufu ikajaa nyumba nzima, harufu ya karanga zinazokaangwa na siagi. "Sasa," alisema Mohinder. Wakauepua, wakauacha upoe kidogo, wakatia sukari guru iliyokunwa, lozi zilizotwangwa na iliki. Ilibaki kufinyanga vitonge kabla mchanganyiko haujaganda, nao ulikuwa bado wa moto wa kuchoma viganja. Kahambu alifinyanga kimoja, kikapasuka. Mohinder akauinua mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya kiganja cha kulia cha Kahambu, mkono wa mmoja na mkono wa mwingine, wakakizungusha pamoja. Kikatoka duara, laini, kinang'aa samli. Wakaendelea hivyo hivyo mpaka karai likawa tupu, wote wawili jasho linawatoka, wakicheka kama wasichana.

Lohri iliangukia Jumapili. Kwa Jaswant, huko Berchem-Sainte-Agathe, moto uliwashwa alasiri bustanini, na watu wachache walikuwa wamesimama kuuzunguka, wakitupia ufuta na bisi. Mohinder aliingia ameshikwa na Kahambu, nyuma yao mlinzi wa mlango wa Koekelberg amebeba makopo mawili makubwa. Makopo yakafunguliwa, harufu ikasambaa, wageni wakageuka. Baba mkwe wa Jaswant akauliza kitu kwa Kipunjabi, akicheka kidogo. Jaswant akawa mwekundu, akamnong'oneza mama yake.

Mohinder alikuwa na mazoea yake: kila alipotaka kumkaripia mwanawe mbele ya wageni bila kumfedhehesha, alitumia Kiswahili. Safari hii pia, akitabasamu kana kwamba anasifia hali ya hewa, alisema:

"Jaswant. Mimi nilizaliwa msichana. Nani alikushonea suruali ya shule?"

"Wewe, Biji," alijibu, akitumia neno lao la kumwita mama.

"Dada zako, nani kati yao hakukubeba mgongoni?"

"Wote walinibeba."

"Basi mlete mtoto wangu kwenye moto. Anayetaka kucheka, mimi nitamjibu kwa lugha anayoijua."

Kahambu, aliyeelewa kila neno, aliangalia chini asicheke. Jaswant aliinamisha kichwa mbele ya mama yake. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa. Aliingia ndani, akarudi na Harleen amefungwa blanketi nyekundu, mkewe nyuma yake. Akauzunguka moto na binti yake kifuani. Kisha akachukua pinni ya kwanza, akaimega, akamlisha mkewe mbele ya wakwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani. Mama mkwe wake ndiye aliyeanza kupiga makofi na kuimba. Mzee naye, baada ya kujiumauma, alinyoosha mkono kwenye kopo. Alikula mbili, akachukua ya tatu ya kutia mfukoni.

Tangu hapo, kila Januari walipika pinni Koekelberg. Jaswant alikuja mwenyewe, akakunja mikono ya shati, akakorogeshwa mpaka akalalamika mgongo. Mwaka mmoja Kahambu alitia karanga badala ya lozi, kwa mtindo wa kwao. Mohinder alitafuna muda mrefu, akasema si mbaya, lakini asimwambie mtu.

Mohinder alifariki mwaka 2016, majira ya kuchipua, kwenye kiti chake, baada ya chai ya asubuhi. Jengo zima lilimsindikiza, na yule mama wa juu asiyesalimia mtu alilia kuliko wote. Kahambu alipangiwa wazee wengine, aliowapenda pia.

Januari iliyofuata Jaswant alimpigia simu. "Maman Kahambu, siagi nimenunua. Unakuja?"

"Nakuya. Usiwashe moto mbele nifike," alijibu.

Alikwenda na mdogo wake, Viviane, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Harleen, aliyekwisha kujua kukimbia na kujibu mapigo, alikaa juu ya meza ya jikoni akiiba vitonge kimoja kimoja kila mtu alipogeuka, mpaka tumbo likamuuma na mama yake akamgombeza. Viviane alishika kiuno, akaomba kimoja tena, akasema mtoto wake naye anadai.