Mpangaji wa Lindsay

Merv Tregear ndiye mwenye funguo za ukumbi wetu wa Footscray. Kila Jumatano hufika kabla ya wote, akapanga mito ya kukalia, akafuta vumbi kwenye sanamu ya Buddha, akagonga kengele, na sisi mashoga na wasagaji wa upande huu wa Melbourne, wengi tumeshaota mvi, tukakaa kimya tukifuata pumzi zetu. Alikuwa dereva wa tramu hadi alipostaafu. Kuchelewa hakujui.

Baada ya kimya huja duara. Kila mtu husema lililo moyoni, wengine husikiliza tu. Na lililosemwa kwenye duara halitajwi tena nje, hata kwa mwenyewe, mpaka alianzishe yeye. Kanuni hiyo ni ya Merv. Aliiweka zamani, enzi ambazo neno moja likivuja mtu alifukuzwa kazi au alitupiwa virago nje. Haichezei hata kidogo. Mwaka jana mama mmoja mgeni alimuuliza mwenzake wakati wa chai jambo alilolisikia kwenye duara, "Vipi, binti yako ameshakupigia simu?" Merv alimkaripia mbele za watu hadi biskuti ikamkwama kooni.

Mimi kwenye duara sikai. Sina subira ya kusikiliza watu bila kuwajibu, kwa hiyo hubaki jikoni nachemsha maji. Ndiyo maana sikujua lolote mpaka Jumatano ile Merv aliponijia na funguo mkononi.

"Shika, Raelene. Mimi basi tena."

"Basi nini? Umegombana na nani, mzee mkorofi wewe?"

"Nigombane na nani? Hakuna anayenisemesha."

Akavuta kiti, akaeleza. Lindsay, mwenzake wa maisha, waliyeishi naye zaidi ya miaka thelathini, yuko kwenye makao ya wazee na akili inamtoka. Amesahau karibu kila kitu, ila uongo wao wa zamani amebaki nao: ule waliowaambia majirani, kwamba Merv ni mpangaji tu. Sasa anauamini. Kila Jumapili Merv akienda, Lindsay humwambia muuguzi, "Huyu mpangaji wangu," basi.

"Nimeyasema yote kwenye duara, wiki baada ya wiki," Merv akasema. "Nimesema naogopa kwenda kule peke yangu. Wakanyamaza. Tukija kwenye chai, wananiuliza habari za mvua."

"Kwani kanuni ni ya nani, Merv?"

Akanikodolea macho, kisha hasira ikamwishia. "Yangu."

"Basi! Wamekaa pale roho zinawauma, wanakuogopa wewe."

"Najua. Nifanyeje sasa? Nikawaombe waivunje kwa ajili yangu?"

Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Mtu amejifungia mlango mwenyewe, na wote nje wanamheshimu kwa kutobisha hodi.

"Mimi sikuwamo kwenye duara," nikamwambia. "Jumapili twende saa ngapi?"

Tulimkuta Lindsay dirishani, blanketi magotini, amenyolewa vizuri. Akala keki ya nazi tuliyompelekea, akanipangusia kiti kwa mkono.

"Karibu, dada. Huyu mpangaji wangu."

Merv akatabasamu kwa shida, akatoka kutafuta chai. Mlango ulipojifunga tu, Lindsay akaniinamia.

"Dada, unaweza kutunza siri?"

"Naweza."

"Yule nampenda. Nampenda vibaya mno. Usimwambie, nakuomba. Akijua atahama."

Siri gani hiyo ya kutunza! Nilimfuata Merv kwenye korido nikamwambia neno kwa neno, vikombe vikiwa bado mikononi mwake. Chai ikamwagika kwenye viatu vyake, asijali.

"Nihame?" akasema. "Nihame niende wapi mimi?"

Akaniachia vikombe, akarudi chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Bwana Lindsay," akasema, "nimekuja kukuarifu kwamba chumba kinanifaa. Sihami."

"Huhami?"

"Sihami ng'o."

"Wapangaji wote husema hivyo," Lindsay akasema. Lakini alikuwa anacheka. Merv akanyoosha mkono. Lindsay akatazama kwanza mlangoni, akanitazama mimi, kisha akauacha mkono wake ushikwe.

Muuguzi alipoingia na chakula cha jioni, Lindsay akauchomoa mkono wake upesi.